Mtaro Tulioufukia

Huku ninakoishi sasa, theluji ikianguka watu hufurahi. Nami nilijifunza kufurahi nao, maana ukikaa na watu miaka mingi huwezi kununa peke yako kila msimu. Mji wetu ni mdogo, na nyuma yake kuna kilima ambacho si mali ya tajiri yeyote. Ni cha mji. Watu huteleza pale kwa skii, wazee kwa watoto, na wanaokitunza ni sisi wenyewe majirani, kwa zamu, bila mshahara, kwa malipo ya supu ya moto na neno la ahsante. Zamu yangu ni Jumamosi asubuhi.

Usidhani ni kazi ya mchezo. Anayeteleza huona weupe tu, akapiga kelele za furaha, akaenda zake nyumbani. Anayetengeneza ndiye anayejua tabia za theluji. Ikianguka kavu, upepo huichukua yote na mawe yanabaki nje. Ikianguka na maji, inagandamana chini ya mashine hadi mashine inakataa kwenda. Jua likiipiga mchana kisha baridi ikarudi, asubuhi unakuta barafu ya kuvunja mguu wa ng'ombe. Na mashine yenyewe ni kuukuu, inaburuta reki pana ya chuma, inapanda ikilalamika, na ikifika kwenye mwinuko mkali inazimika. Pale tunasawazisha kwa koleo na kwa miguu: tunapanda ubavu ubavu, hatua kwa hatua, tukikanyaga hadi theluji ishikane. Wenzangu walishangaa tangu mwaka wa kwanza jinsi nilivyoijua kazi hiyo, mimi niliyetoka Uvira, kwenye joto la kukaanga yai juu ya bati. Nilijua pa kuongeza na pa kupunguza, nilijua maji yatapita wapi. Waliponiuliza nimejifunzia wapi, niliwaambia hata kwetu tulikuwa na kilima, nikabadilisha mazungumzo.

Basi Jumamosi moja ya msimu huu uliopita, msimamizi wetu, mzee mwema kabisa, alinionyesha mtaro unaokatiza mteremko karibu na chini, ule wa kupitishia maji theluji inapoyeyuka. Akasema tuufukie kwa theluji na kuushindilia vizuri ili watoto wapite bila kurushwa. Ni jambo la kawaida huku. Hufanywa kila mwaka, na msimu ukiisha mtaro hufukuliwa. Nilichota koleo la kwanza nikalimwaga. La pili mikono ilikataa. Nikalaza koleo chini, nikaenda kukaa katika kibanda cha supu, nikalia mbele za watu, mimi ambaye hata msibani hujifunika kitenge usoni. Walidhani nimeumia mgongo, nikawaacha wadhani hivyo. Wewe nitakuambia.

Uvira milima imesimama nyuma ya mji na ziwa limelala mbele yake, na katikati watu wamebanana. Waliokosa nafasi chini walipanda juu. Sisi tulikuwa wa kupanda. Mama yangu alinileta kwa bibi yangu nikiwa na miaka minne, yeye akaenda Bukavu kutafuta maisha, na bibi huyo, tuliyemwita Koko kama watoto wote wa kwetu wanavyowaita bibi zao, ndiye aliyenilea. Nyumba yake ilikuwa ya matofali ya udongo, vyumba viwili na jiko la nje, ubavuni mwa mteremko mrefu wa udongo mwekundu. Kutoka mlangoni tuliona ziwa lote, na siku za hewa safi tuliona milima ya ng'ambo, na mitumbwi ya wavuvi ikirudi asubuhi.

Ukitaka kumjua Koko, ungeingia nyumbani kwake ukatazama chini. Sakafu yake! Kila Jumamosi tuliisiriba upya. Udongo wa kichuguu uliopondwa na kuchekechwa, majivu ya jikoni, na samadi mbichi tuliyoomba kwa wachunga ng'ombe walioshuka kutoka Rurambo na maziwa yao. Alipiga magoti, akatandaza kwa kiganja, akazungusha mkono nusu duara, nusu duara, hadi sakafu ikawa nyororo na ngumu, na maji yakimwagika yanakimbia hadi mlangoni bila kuacha alama. Mimi nilikuwa mkandaji wake. Nikikosea, nilisikia.

“Maji kidogo. Kidogo nimesema! Weye iko unapika supu?”

Nikipatia hakusema kitu. Aliendelea kusiriba tu, na hiyo ndiyo ilikuwa sifa. Jioni tulikula ugali wa muhogo na sombe, majani ya muhogo yaliyokolea mawese, tukiwa tumekaa nje ili sakafu ikauke, na mimi nilinusa mikono yangu yenye harufu ya samadi na kuona fahari. Nilikuwa na miaka kumi. Sijapata kazi nyingine iliyonipa fahari ya namna ile, na nimefanya kazi nyingi.

Sasa nikuambie kuhusu mtelezo. Mteremko ule uliokuwa ubavuni mwa nyumba yetu ulianza kwenye jiwe kubwa huko juu na kuishia nyuma ya nyumba ya jirani yetu, mama mmoja aliyekuwa akinunua ndagala, wale dagaa wa ziwani, kwa wavuvi alfajiri na kuwaanika kwenye mchanga wa ufukweni. Watoto wa avenyu yetu, yaani mtaa wetu, tuliufanya mteremko huo kuwa wetu. Tuliteleza juu ya jani la mchikichi, lile la mti wa mawese: unachukua jani kavu, unakalia upande ule mpana wa shina, unashika mbele kwa mikono miwili, mwenzako anakusukuma, na baada ya hapo unamwachia Mungu. Ulikuwa ukiona ziwa linakujia usoni. Tumbo lilibaki juu kwenye jiwe, mwili ukafika chini peke yake.

Lakini mtelezo haujitengenezi. Hapo ndipo nilipopata cheo. Wavulana walijua kuteleza, ila kazi ya udongo ilikuwa imewashinda. Wakati wa kiangazi mteremko ulipasuka nyufa na kuwa vumbi, jani likakwama na makalio yakaungua. Wakimwaga maji mengi, unakuwa tope, na tope halitelezi, linameza. Mvua zikija zilichimba vijifereji na kufichua mawe, na kila mtu alikuwa na kovu lake. Nikawaambia tuusiribe. Walicheka, wakasema nani anasiriba mlima. Nilisiriba kipande kimoja, urefu wa mtu mzima aliyelala, nikakiacha kikauke siku mbili, asubuhi nikakinyunyizia maji kidogo tu, nikamkalisha aliyecheka kuliko wote. Alipofika mwisho wake alikimbia kurudi juu, akakaa tena.

Kuanzia siku hiyo nilikuwa mkubwa wao. Niliwapanga: wa kuponda kichuguu, wa kuchota maji mtoni kwa bidoni, wa kwenda kubembeleza samadi. Mimi niliyekuwa na mkono wa Koko nilisiriba. Tulianza juu tukashuka, kipande kwa kipande, kiangazi kizima. Wazazi walitutazama na kucheka. Koko mwenyewe alipita, akapiga magoti, akaweka kiganja chake juu ya kazi yangu, akainuka akaenda zake bila neno. Mchana jua lilipokuwa kali mno kwa mchezo, alileta muhogo wake uliolowekwa akauanika pale pale juu ya mtelezo, kwa sababu palikuwa pasafi kuliko mkeka. Tulimwamkia, tukasubiri. Alikuwa akiuondoa saa tisa bila kukosa, ili tupate zamu yetu.

Jirani yetu alikuwa na kitinda mimba, mtoto wa kiume wa miaka miwili au zaidi kidogo, mwenye kichwa kikubwa na miguu mifupi. Huyo alikuwa hanisahau. Akiniona tu ananyoosha mikono, na mimi nilimpakata, tukateleza pamoja, yeye akiwa kimya kabisa, macho yamemtoka. Tukifika chini alikuwa akinitazama kuhakikisha kwamba jambo limeisha kweli, kisha ndipo anacheka. Mama yake alikuwa akipiga kelele kutoka kwenye jiko lake.

“Nyie batoto, mutanivunjia huyu mutoto!”

“Mama, niko namukamata muzuri!”

“Mukamate na mikono mbili!”

Nilimshika kwa mikono miwili. Hakuanguka hata mara moja, naapa. Nasema hivi kwa sababu watu wangeweza kudhani nilikuwa mtoto mzembe, na sikuwa.

Kulikuwa na mtaro. Ulikatiza mteremko theluthi ya chini, juu kidogo ya nyumba ya jirani, ukaelekea korongoni. Watu wazima waliuchimba kwa salongo, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ambayo shefu wa avenyu alikuwa akiitangaza kwa filimbi, na kila mwaka kabla ya mvua waliusafisha. Upana wake haukuzidi hatua moja ya mtu mzima. Lakini kwetu ulikuwa adui. Ukitoka juu kwa kasi unafika pale, jani linatumbukia, wewe unaruka peke yako. Kwa hiyo tuliishia hapo, theluthi mbili tu ya mtelezo, na ile theluthi ya mwisho, iliyokuwa na mwinuko mzuri kuliko kote, ilikaa bure. Kila siku niliitazama. Ilinikera kama sakafu iliyosiribwa ikaachwa kona moja.

Mwishoni mwa kiangazi hicho niliamua. Mtaro ulikuwa mkavu, umejaa majani na vumbi, kuku wanachakura ndani yake. Nikawaambia wenzangu tuufukie, tuteleze mpaka shule ifunguliwe, na mvua zikikaribia tutaufukua kabla ya watu wa salongo kuja. Hakuna aliyebisha. Tuliujaza mawe madogo, tukaweka udongo, tukashindilia kwa mchi tulioiba jikoni, na juu yake nikasiriba kwa siku tatu. Nilikanda udongo ule kuliko nilivyowahi kukanda. Niliweka majivu ya kutosha. Nilijua pale ndipo jani litakapogonga kwa nguvu, kwa hiyo nilirudia mara mbili, kisha mara ya tatu. Ulipokauka hungejua kama palikuwa na mtaro.

Tuliteleza wiki mbili. Sitakuficha, zilikuwa wiki nzuri kuliko zote nilizopewa. Mtelezo mzima, kutoka jiwe hadi nyuma ya nyumba ya jirani, bila kusimama. Na kila jioni nilijisemea kesho tutafukua, na kesho ilipofika nilijisemea mbingu bado nyeupe.

Shule ikafunguliwa. Ilikuwa siku ya nne, au ya tano, asubuhi, tukiwa katika somo la hesabu. Kiza kikaingia darasani ghafla, upepo ukatoka ziwani, na mvua ikaanguka juu ya bati kwa kishindo kiasi kwamba mwalimu alifunga mdomo katikati ya sentensi na kuweka chaki chini. Hiyo haikuwa mvua ya kwanza tuliyoizoea, ile ya kunusisha tu vumbi. Watoto walishangilia, kwa sababu mvua ikiwa kubwa hakuna somo. Mimi nilisimama. Nilikwenda hadi mbele nikamwambia mwalimu naomba kutoka.

“Unaenda wapi na mvua hii?”

“Nyumbani, mwalimu.”

“Kuko nini nyumbani?”

Nilifungua mdomo. Kama ningesema mtaro, angeuliza mtaro gani, na nani alifanya nini, na darasa zima lilikuwa likinitazama. Nikasema hakuna kitu. Akaniambia nikae chini. Nikakaa. Nimeikumbuka sekunde ile miaka yote, jinsi benchi lilivyokuwa baridi, na jinsi jirani yangu wa benchi alivyonisogezea daftari lake alilochora samaki ili anichekeshe.

Niliyoyakosa nilisimuliwa. Jirani yetu alikuwa nyumbani na kitinda mimba wake, wakubwa wake wako shule kama sisi. Mtoto alikuwa amelala. Alipoona wingu alikumbuka ndagala aliowaacha mchangani, mali yake yote ya wiki, na ndagala wakinyeshewa wanaoza siku hiyo hiyo. Akamfunika mtoto, akafunga mlango, akakimbia ufukweni kuwakusanya. Alidhani ni dakika chache. Mama yeyote wa Uvira angefanya vile, na wengi walifanya vile asubuhi hiyo hiyo.

Maji yalianza kule juu kwenye jiwe. Udongo wa kawaida hunywa, hata ukiwa mteremko, unakunywa kwanza ndipo unashiba. Mtelezo wetu haukunywa hata tone. Uliyakusanya maji ya mlima mzima na kuyashusha yote pamoja, na yalipofika pale palipokuwa na mtaro yalipita juu yake, kwa sababu siriba yangu ilikuwa nzuri. Haikubomoka. Wangekuwa wavulana waliosiriba pale, ingeachia katika dakika ya kwanza na mtaro ungefunguka. Ukuta wa nyuma wa nyumba ya jirani ulikuwa wa udongo, na kitanda kilikuwa upande huo.

Watu waliporudi kutoka ufukweni na kumtoa mtoto, mvua ilikuwa imekwisha na jua limetoka. Mimi nilifika kutoka shule na kukuta watu. Sitasimulia zaidi ya hapo.

Tulimzika kesho yake. Siku ya tatu shefu wa avenyu alitukusanya wote uwanjani, wakubwa kwa watoto, akasimama juu ya kiti. Alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo hakuwa nayo.

“Mutaro tulichimba siye bote na mikono yetu,” alisema. “Ule mutaro haukujifunga. Nani aliufunga?”

Wenzangu wote walitazama chini. Hakuna aliyenitazama mimi, na hilo nawashukuru hadi leo, ingawa sijui kama walinihurumia au walijiogopea. Nilihisi maneno yakipanda. Nilikuwa nimeshavuta pumzi. Koko, aliyekuwa amesimama kando yangu, aliniwekea mkono begani, akanisukuma chini kidogo kama mtu anayejiegemeza ili apite, akasogea mbele.

“Njo minye,” akasema, yaani ni yeye.

“Weye, Koko?”

“Nilikuwa natafuta fasi ya kuanika muhogo. Niliona mvua iko mbali bado.”

Kila mtu alikuwa amemwona akianika muhogo pale. Nani angeshuku? Jirani yetu alikuwa amekaa chini, ameshikiliwa na wanawake wawili. Aliinua uso akamtazama Koko, na alichosema kilikuwa kidogo, lakini alikisema mara mbili.

“Weye, mama? Weye?”

Koko alisimama vile vile, mikono imening'inia, hadi shefu alipowaambia watu watawanyike.

Ndani ya nyumba nilimwambia ni mimi. Nililia nikiwa nimeshika sketi yake. Akaniambia nipunguze sauti.

“Nilijua,” akasema. “Niliona ile siriba. Hapa hakuna mwingine anasiriba vile, nilikufundisha minye.”

“Koko, niache niseme.”

“Utanyamaza. Minye nimebakisha siku ngapi? Weye ukisema leo, watakuita jina la muuaji mpaka uolewe, mpaka uzae, mpaka uzeeke. Apa mbele yangu kama utanyamaza.”

Niliapa. Nilikuwa na miaka kumi, na nitakuambia ukweli unaonitia aibu kuliko yote: nilipoapa nilihisi nafuu. Moyo ulivunjika na wakati huo huo ukapumua. Usiku nilikula chakula nikakimaliza.

Hakuna aliyempiga Koko wala kumtukana. Waliacha tu kumwamkia. Alipita na ndoo yake na mazungumzo yakakatika. Muhogo aliokuwa akiuza barazani ulikaa pale hadi ukaota ukungu. Kanisani benchi lake lilibaki na yeye peke yake. Ilikuwa avenyu ya watu wazuri, nasema hivyo kwa dhati, lakini walikuwa wamemzika mtoto, wangefanya nini? Kabla ya mwisho wa mwezi wa kumi alimtumia mama yangu ujumbe aje kunichukua, na yeye akafunga vitu vyake, sufuria mbili na mikeka na ile reki ya mbao ya kugeuzia muhogo, akapanda lori la mizigo kwenda Katogota kwa kaka yake. Alikaa juu ya magunia. Hakupunga mkono, kwa sababu alikuwa ameshika kamba kwa mikono yote miwili.

Sikumwona tena. Bukavu kwenda Katogota si mbali kwenye ramani, lakini miaka ile barabara ya bonde ilikuwa ya watu wenye bunduki, na mama alikataa. Koko aliishi huko miaka saba. Alipokufa mama alikwenda peke yake, mimi nikabaki kufanya mtihani wa serikali. Baadaye vita vilitusukuma mbali zaidi, tukatawanyika, na mimi nikaishia huku kwenye theluji, nikawa mtu mzima, nikazaa, nikazeeka kidogo. Hakuna aliyeniita jina lolote.

Baada ya ile Jumamosi ya koleo nilikata tiketi. Watoto wangu walidhani nakwenda likizo. Nilishukia Bujumbura, nikavuka mpaka, nikafika Uvira mchana wa jua kali, na kitu cha kwanza kilichonipiga ni harufu ya ndagala, ambayo nilikuwa nimesahau kwamba naijua. Nilipanda hadi avenyu yetu. Mteremko haupo. Pale ulipokuwa pamekatika korongo refu, ukisimama juu huoni chini yake, na watu wametupa taka. Nyumba ya Koko haina hata alama. Nyumba mpya za bati zinazong'aa zimejaa kila mahali, na watoto wanacheza mpira wa makaratasi katika upenyo. Niliuliza kuhusu mama wa ndagala. Msichana mmoja akaniambia bado yupo, anakaa kwa binti yake huko chini karibu na ziwa.

Nilimkuta uani, amekaa mkekani, anachambua ndagala kuondoa mchanga. Alikuwa amekuwa mdogo. Nilimwamkia, akanitazama sana.

“Weye njo mujukuu wa ule mama wa muhogo,” akasema.

Mama wa muhogo. Ndivyo wanavyomkumbuka. Mwanamke mwenye mkono safi kuliko wote wa mlima ule, na jina lililobaki ni hilo.

Nikakaa chini mbele yake na kumweleza kila kitu. Nilikuwa nimejiandaa ndani ya ndege, maneno nilikuwa nayo. Nilimwambia nani aliufukia mtaro, na nani alisiriba, na siku ngapi, na nani aliahirisha kuufukua. Nilimwambia Koko hakuweka hata ngumi moja ya udongo pale. Nilimwambia nilikuwa nikimpakata mtoto wake kwa mikono miwili. Aliendelea kuchambua. Ndagala upande huu, mchanga upande ule. Nilipomaliza, binti yake aliyekuwa akisonga ugali alikuwa ameacha kusonga.

“Umemaliza?” jirani akauliza.

“Nimemaliza, mama.”

“Minye nilimuchukia koko yako myaka tano,” akasema. “Nikisikia tu mutu anataja Katogota, sikuwa nakula. Mupadri aliniambia nisamehe, nikamufukuza. Halafu siku moja nilipanda gari, nikaenda kule. Nilimukuta ku shamba. Aliponiona alipiga magoti mu udongo. Alilia, akaniomba pardon. Mama muzee vile! Nikamusamehe. Tulikula bugali pamoja, tukalala nyumba moja, asubuhi nikarudi.”

Sikulijua hilo. Hakuna aliyeniambia. Koko alipiga magoti akaomba msamaha kwa ajili yangu, na akaupokea, na hakutamka jina langu hata pale walipokuwa wawili tu.

“Ile kazi ilinimaliza,” jirani akaendelea. “Kusamehe mutu juu ya mutoto wako, hujui ni kitu gani. Sasa weye unatoka Ulaya, unaniambia ule mama hakukosa. Unataka nifanye nini? Nianze tena kusamehe, na weye?”

Hilo ndilo nililokuwa nimeendea, na nilipoulizwa sikuweza kulisema.

“Sina nguvu ile,” akasema. “Niko muzee. Acha ile kosa ikae kwake, vile aliitaka. Alilipa yote.”

Nimekuwa nikiwaza juu ya vitu vilivyopotea. Mteremko umepotea, nyumba, avenyu ile ya watu waliojuana hadi kikohozi, mkono wa Koko ukizunguka sakafuni Jumamosi. Hivyo hupotea kwa kila mtu, na ukinipa nafasi nitavililia pamoja na wengine. Lakini nilidhani kosa langu angalau ni langu, kwamba lilikuwa pale linanisubiri, na siku nikipata ujasiri nitakwenda kulichukua. Nalo halipo. Lilisamehewa shambani Katogota, kwa jina la mtu mwingine, wakati mimi niko Bukavu nasoma.

Nilisimama niage. Jirani hakunipa mkono, alikuwa na ndagala mikononi. Alisema hana kinyongo, akaniombea safari njema, kisha akaniomba jambo moja, kwamba nisije tena kwake. Nilimwahidi.